Ma-banc ya Bale Benye Balienda na Train

Minye sikusomaka ku école ya ba-pasta. Nilimalizaka primaire, kiisha nikaenda Kakanda kuchimba majiwe ya cuivre, ile shaba. Lakini kinywa niko nayo. Njo maana pasta wa kanisa yetu, ile ya ma-baffle ya muziki yenye inapasua masikio, alinichagua.

"Weye kinywa yako haichokake. Enda kule ku kanisa ya bamama bazee, uifufue. Ikikufa, mwenye parcelle, ile kiwanja, anaweka depot ya majiwe."

Nikaenda. Ni bamama ya Kasai, benye baba yao balitokaka kule mbali, bakakuya huku Likasi juu ya kazi ya kuchimba mu mine. Mukubwa yao, mama mukonda wa miwani, akaniuliza babu yangu alitokaka wapi.

"Kapolowe, mama, hapa karibu."

Akageuza uso, sawa nilimuletea maji ya muchafu.

Culte, ni kusema ibada, ya kwanza ilikuwa mateso. Kanisa kubwa, bamama kidogo, na kila mumoja anaikala mbali na mwenzake sawa beko na ugonjwa ya kuambukiza. Katikati yao ma-banc ya kuikalia ya bure tu. Minye nikapiga makelele sawa muntu mwenye anauzisha samaki ku soko.

Basi siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, nikabeba ma-banc yote yenye haina bantu, nikaitupa mu chumba ya nyuma. Nikaacha kidogo tu, karibu-karibu. Nikajipongeza: sasa kanisa itajaa.

Kesho yake mama wa miwani akasimama pa mulango.

"Banc ya dada yangu iko wapi?"

"Ku chumba ya nyuma, mama." Nikacheka. "Na dada yako, yeye eko wapi?"

"Alienda na train, kurudishwa Kasai. Wakati benyeji ba huku balitufukuzaka juu tuko ba Kasai, weye ulikuwa haujazaliwa. Bale benye balienda, fasi yao tunaichunga. Bengine balikufia palepale ku gare, banangoja train. Na bababu yako balikuwa banashangilia ku barabara. Leo unakuya kubafukuza mara ya pili, na unacheka."

"Mama, minye nilikuya kufufua kanisa."

"Nani alikuambia tulikufa?"

Bakatoka bote, bakaikala inje mu jua, bakaanza kuomba na Chiluba. Ile luga siijue, lakini sauti yenye inakulaani haiombe mufasiri. Minye nikabakia ndani peke yangu na Biblia. Bakienda kwao vile, kanisa imekwisha, na minye ninarudia Kakanda mu shimo.

Nikavaa veste, koti yangu, nitoke. Kiisha nikakasirika: bibi moja na miwani yake anishinde minye? Nikaivua, nikaanza kurudisha ma-banc.

Mama akaingia kuchunguza.

"Ile haikukuwa pale."

"Iko nzito, mama."

"Bale benye balienda balibeba batoto mpaka ku gare. Sogeza."

Nikasogeza. Nikasogeza tena. Jasho ilinitoka mpaka mu viatu. Hakuna mwenye alisaidia, wala kusema pole.

Bakaingia, kila mumoja pa fasi yake ya mbali. Nikahubiri mpaka sauti ikakauka. Sikusikia amina hata moja.

Kiisha culte mama akanifwata.

"Siku ya Mungu ingine ufike mapema. Banc ya dada yangu ulichafua."

Nikamuuliza kama hakuna hata aksanti.

Akanipa torchon ya kupanguza.