Ithibati ya Baba Mdogo

Nina stashahada ya kilimo. Nalisema mapema kwa sababu Ifakara wenye maduka ya pembejeo ni wengi, lakini sisi tuliotundika cheti halisi ukutani, juu ya mizani ya mbegu, tunahesabika. Nilizaliwa Mkula, kando ya barabara ya Kidatu. Nikaondoka na begi la nailoni, nikarudi na pikipiki, kisha duka, kisha nyumba ya bati la rangi. Mkulima akija kuniambia mpunga wake umerogwa, namwambia alete jani. Akilileta naligeuza juani, namwonyesha ile njano. "Hii ni kimyanga, mzee wangu. Ugonjwa. Mchawi haingii kwenye jani." Watu hucheka, wananunua mbegu nyingine, wanakwenda.

Kwa hiyo mke wangu aliponiuliza maana ya ithibati, nilijibu bila hata kuinua kichwa. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na jioni ile alikuwa anaandaa msamiati wa darasa la sita. Nikamwambia ithibati ni kitu ambacho chuo changu kinacho, kimeandikwa mpaka kwenye bango la getini.

"Hiyo ni ya vyuo," akasema. "Mimi nataka ya madai. Mtu amesema jambo. Kinacholisimamisha lile jambo lisianguke, ndiyo ithibati."

"Si useme tu ushahidi?"

"Ushahidi hata mwongo huja nao. Watoto nitawaambia hivi: mtu akidai, muulizeni, umejuaje? Akijibu, liulizeni na jibu lenyewe, umejuaje?"

"Watakutukana wazazi wao."

"Na waanze na wewe," akasema, akaendelea kuandika.

Wiki ileile shangazi yangu alipiga simu. Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, wazee wanaume wamekwisha. Akasalimia, akauliza habari za duka, akauliza habari za mvua kana kwamba Ifakara na Mkula zina mawingu tofauti. Kisha akasema, "Jumapili baada ya misa, njoo. Baba yako mdogo anataka mama yako akanyolewe."

Nilikuwa nimeshika kopo la mbegu za nyanya. Nilikuta mbegu zimemwagika kaunta nzima na sikumbuki kuliachia.

Kwetu bondeni, mtu akitajwa kwa uchawi hupelekwa kwa mganga akanyolewa nywele zote. Aliyemtaja hunyolewa naye, ili nguvu ikatike na ugomvi uishe. Wazee huliita jambo la amani. Lakini mimi nimekua nikiwaona walionyolewa. Nywele huota tena. Ila hakuna anayemtuma mtoto nyumbani kwake kuomba chumvi, na kwenye msiba akishika mwiko wa ugali, watu hukumbuka kwamba wameshakula. Mama yangu ndiye anayeshika mwiko kwenye kila msiba wa Mkula. Ukimnyang'anya huo mwiko, humwachii kitu.

Kosa lake lilikuwa nyota. Mtoto wa baba mdogo, binamu yangu tuliyelingana naye, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam. Hana kazi, hana maneno, anashinda kizingitini akitazama miguu yake. Zamani ndiye aliyekuwa na akili darasani, hilo hakuna anayelibisha. Baba mdogo alisema nyota ya mwanawe imechukuliwa, na aliyeichukua ni mama yangu.

Nilikwenda na mke wangu, nimevaa shati la mikono mirefu. Tuliwakuta uani wamekaa: shangazi kwenye kiti cha plastiki, mama kwenye mkeka miguu ameinyoosha, baba mdogo kwenye kigoda. Binamu yangu alibaki mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, msomi," akasema baba mdogo. "Kaa. Au kiti hakina hadhi?"

Sikukaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na kwa kusema mbele za watu mimi sijambo. Nikawaambia kwamba dai lisilo na ithibati ni kelele. Nikawaeleza neno lenyewe kama nilivyoelezwa. Nikamalizia kwa kumgeukia, taratibu, kama ninavyomgeukia mteja mbishi. "Unasema mama yangu amechukua nyota ya mtu. Umejuaje?"

"Hiyo isibati yako..."

"Ithibati."

"Haya. Ni kile kinachoonyesha kwamba nasema kweli?"

"Ndicho."

"Basi ninacho." Akaninyooshea kidole kifuani. "Ndiyo hii hapa. Imevaa shati."

Nilidhani anatania. Nikatabasamu peke yangu.

"Siku ulipofungua nyumba yako," akasema, "ulituita wote, tukala pilau, ukashika maikrofoni. Ulisema nini? Kumbuka mwenyewe, nisije nikakuongezea. Ulisema, 'Mimi sikusaidiwa na mtu yeyote. Hakuna mkono ulionishika.' Tena ulirudia. Spika ilisikika mpaka barabarani. Sasa nakuuliza, mwanangu. Huyu wangu alikuwa anakupita kwenye hesabu, anakupita kwenye kila kitu. Leo yuko pale mlangoni. Wewe una nyumba ya bati jekundu. Na kwa mdomo wako umesema hakuna mtu aliyekusaidia. Kama si mtu, ni nini?"

Shangazi akaguna, "Mh." Guno hilo lilinitisha kuliko maneno yote, kwa sababu lilikuwa la mtu aliyeridhika na jibu.

Nilimtazama mama nikitegemea atacheka, maana mama yangu hucheka hata kanisani. Alikuwa anafungua kilemba. Alikifungua bila haraka, akakikunja, akakiweka juu ya magoti. Nywele zake alikuwa amesuka mistari, nyeupe kabisa. Sikujua zimekuwa nyeupe namna ile.

"Kama ni nywele," akasema, "chukueni. Zitaota."

"Mama!"

"Tulia, baba. Tukanyolewe, yaishe."

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamesafiri kutoka kwenye ile spika, yakazunguka Mkula nzima, yakarudi kumchukua mama. Mke wangu alikuwa nyuma ya shangazi, ananikazia macho. Midomo yake ilicheza tu: umejuaje. Liulizeni na jibu lenyewe.

Nikakaa. Chini, kwenye mkeka, karibu na mama.

"Baba mdogo," nikasema, "uliyoyasikia kwenye spika ni maneno ya mtu aliyeshiba pilau. Mimi nakuuliza uliyoyaona kwa macho yako. Nilipofeli kidato cha nne, nani alikuja kunichukua stendi Ifakara?"

Alisogeza kigoda chake nyuma kidogo.

"Nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia ya mchele, naona aibu kurudi. Nani alinikuta?"

"Ulikuwa unalia kama ndama," akasema shangazi. "Alitusimulia."

"Nani?"

"Si ndiye huyu, baba yako mdogo."

"Akanipakia kwenye baiskeli yake, akanipeleka kwake kule kwenye mashamba ya miwa, alikokuwa anakata. Nikarudia mtihani nikiwa nakula chakula chake. Alfajiri akiamka kwenda kwenye miwa, kabla hajatoka ananipiga teke la mguu, soma wewe. Kila siku. Nilikuwa nalichukia lile teke. Nani huyo, baba mdogo?"

Baba mdogo alikuwa anasugua viganja vyake, vile vya mkata miwa, ambavyo havikunjuki vizuri.

"Nyota ikishaibwa haifeli mtihani," nikasema. "Mimi nilifeli. Na mtu aliyeniinua unamjua, umekaa naye kwenye hicho kigoda. Kama kufaulu kwangu ni uchawi, basi mchawi ni wewe."

Shangazi aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa khanga. Baba mdogo hakucheka.

"Sasa haya," akasema, "kwenye maikrofoni yalikushinda nini?"

Alisimama, akajipangusa suruali. "Mfunge shemeji yangu kilemba chake," akamwambia mke wangu, "jua kali." Akaenda kukaa mlangoni karibu na mwanawe, bega kwa bega, wote wakitazama miguu. Suala la kunyoa hakulitaja tena, siku ile wala baadaye. Binamu yangu bado anashinda pale kizingitini. Hilo halikubadilika.

Mama alitusindikiza mpaka barabarani, penye turubai za mpunga ulioanikwa. Nilikuwa nimeanza kurudiwa na hali yangu. Nikamwambia, "Umeona mama, elimu inavyofanya kazi?"

Hakucheka. Aliinama, akageuza mpunga wa watu kwa kiganja.

"Mimi nilishaanza kuamini," akasema.

"Kuamini nini?"

"Kwamba niliichukua ile nyota." Aliendelea kugeuza. "Ulipofeli nilikuwa naomba kila siku. Sikuomba ufaulu tu, baba. Niliomba uwapite wenzako wote. Na huyu wa baba yako mdogo nilimtaja kwa jina, maana ndiye aliyekuwa mbele yako. Nikasema, Mungu, ampite huyu. Sasa uliposimama na ile spika ukasema hakuna mtu aliyekusaidia, na mimi najua nilichoomba..."

Bodaboda ilipita, ikarusha vumbi kwenye mpunga.

"Mama," nikasema.

"Nendeni," akasema. "Mvua itawakuta njiani."