Bado Moja

Mwaka wa 1957 watu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, walijua saa kwa njia tatu: kengele ya misheni, king'ora cha kiwanda kule chini, na mkono wa kushoto wa Donatien, mume wa Adèle. Saa ile ya mkono aliachiwa na mzungu mmoja wa shamba la kinini, ile miti ya dawa ya homa, njia ya Lwiro, siku mzungu aliporudi kwao. Tangu hapo hakuna aliyemwita Donatien tena. Alikuwa Papa Saa. Matangani alipewa kiti, harusini aliwekwa mbele, na hata watu wasiokuwa na haraka yoyote walimsimamisha njiani wamuulize saa ngapi, ili tu wamwone akikunja mkono wa shati.

Kitu ambacho Kadutu haikujua, na Adèle alikijua, ni kwamba saa ile ilikufa wiki ya Pasaka. Donatien aliipenda kupita kiasi. Asubuhi aliikaza, jioni akaikaza tena, mpaka siku moja kitu ndani kikalia tak, na mishale ikasimama kwenye saa tisa na dakika kumi.

"Peleka kwa fundi," Adèle alimwambia.

"Fundi gani? Yule wa mjini? Mulinzi wa mulango yake ni mutu wa hapa Kadutu. Kesho yake nitaitwa Papa Maiti."

Basi akaendelea kuivaa. Siku za kazi aliiba saa kwenye king'ora, akaongeza au akapunguza kidogo kwa kuangalia jua. Lakini siku ya Mungu kiwanda kinalala, na king'ora nacho, na kengele ya misheni inalia saa za ibada tu. Jumapili Donatien alikuwa mtu wa kuotea tu. Na mechi zote za basketi zilichezwa Jumapili.

Adèle mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo uliofungwa vizuri, na kasiksi yake, pombe yetu ile ya ndizi aliyoiuza uani kwake, ilisifiwa mpaka Nyawera. Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa tatu. Mwaka ule mama yake alikufa akimzaa mdogo wake Raphaël, na Adèle, msichana wa miaka kumi na miwili, akatolewa darasani akafungiwa mtoto mgongoni. Alimlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa mtama. Wenzake walipokuwa wanajifunza kugawanya, yeye alikuwa anapiga hatua uani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mtoto alale. Sasa mtoto yule alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mwaka wa mwisho katika Koleji ya mapadri, kapteni wa timu, na mapadri walikuwa wamemwahidi kazi ya moniteri: kuanzia Septemba angefundisha darasa la kwanza hapo hapo Kadutu. Adèle alikuwa amekwisha kumwona amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, pale yeye alipotolewa.

Koleji ilikuwa haijafungwa na Profesioneli kwa miaka mitatu. Profesioneli ilikuwa shule ya mafundi ya kilima cha pili, vijana wa randa na nyundo, na washabiki wa Koleji waliwacheka wakisema wanashika mpira kama tofali. Jumapili ile ya mwezi wa sita hakuna aliyecheka. Mchezo ulipokaribia mwisho Profesioneli walikuwa na pointi thelathini na moja, Koleji thelathini. Raphaël akapata mpira katikati ya uwanja. Akageuza kichwa upande wa watu wake, akauona ule mkono wa kushoto alioujua tangu utoto, akapaza sauti:

"Papa Saa! Bado ngapi?"

Kwetu neno "bado" halichagui mzigo. Bado dakika, bado maili, bado pointi: kila kinachobaki kinaingia humo. Lakini nani anamuuliza mtu mwenye saa habari ya pointi? Donatien alikunja shati, akaiona mishale pale pale kwenye saa tisa na dakika kumi. Watu mia na zaidi walikuwa wanamtazama. Akashika kitu kimoja tu alichokuwa na hakika nacho, kwamba Koleji imepungukiwa na pointi moja.

"Bado moja!" akapiga kelele.

Raphaël alisikia dakika. Dakika nzima ni kitu kikubwa kwa mchezaji mwenye akili. Akawatuliza wenzake kwa kiganja, akadundisha mpira polepole, akaukumbatia kifuani huku akitafuta mwenzake aliye wazi, akadundisha tena, akaukumbatia tena. Padiri mwamuzi akapiga filimbi, akainua mikono. Imekwisha. Kijana akabaki amesimama na mpira kifuani, anatazama huku na huku kama mtu aliyeachwa na lori.

Kutoka upande wa Profesioneli sauti moja ikaita: "Mutazame mulezi! Mulezi, mutoto amelala?"

Mulezi kwetu ni yule msichana anayebeba mtoto wa wenyewe. Kabla watu hawajamaliza kutoka uwanjani, jina lilikuwa limekwisha kumkaa Raphaël, na walioliimba kwa nguvu zaidi walikuwa watu wake mwenyewe, wa Koleji.

Jioni hiyo hiyo washabiki walikuja uani kwa Adèle kuizika mechi. Théodore, fundi wa nguo, ndiye aliyekuwa na ulimi mbaya kuliko wote.

"Miye ninajua shida," Théodore akasema. "Iko maharagi. Mapadri wanabapatia batoto maharagi siku ya muchezo. Tumbo inajaa, miguu inalala."

"Si maharagi," akasema Constantin, karani wa ofisi, mwenye miwani. "Ni Kilatini. Kule Profesioneli hawasomi Kilatini. Kichwa chao ni chepesi, ndiyo maana wanaruka."

Watu wakacheka, makopo yakajazwa. Wakamshtaki mwamuzi, kisha wakamwachilia, maana padiri alikuwa wa Koleji. Ungetaka afanye nini zaidi, adake mpira kwa kanzu? Wakalishtaki jua, wakaushtaki upepo wa mpira. Kila kosa liliinuliwa na kuachwa, na kila mara njia iliwarudisha kwa Raphaël.

"Ule mutoto aliogopa," mmoja akasema.

"Kuogopa wapi!" Théodore akajibu. "Alikuwa ananyonyesha."

Adèle alikuwa anapita na kibuyu. Alimtazama mumewe, akingoja. Donatien aliinama, akakohoa, kisha akainua uso.

"Nilimuambia," akasema. "Nilimuambia wazi, bado moja. Pointi moja! Wote mulisikia. Lakini ule hana masikio." Na kwa kuwa watu walikuwa wanamsikiliza, akaongeza: "Mulezi ndiyo jina yake kabisa."

Akacheka yeye wa kwanza. Adèle alisimama na kibuyu chake mpaka kicheko kilipozunguka ua mzima, akamjazia kopo mumewe mpaka juu, akaingia ndani.

Wiki ile haikuwa na huruma. Penye robine, kinamama wanapongojea maji, Eulalie jirani yake alimuuliza mbele ya wote: "Mama Adèle, ndugu yako ananyonyesha na ziwa gani, ya kuume ao ya kushoto?" Watoto wadogo, wale wale ambao Septemba wangekaa mbele ya Raphaël, walijifungia vitambaa mgongoni na kupita mbele ya uzio wakiimba wimbo wa kulaza mtoto.

Siku ya nne Raphaël alikuja. Hakukaa.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "siku ya kwanza, kesho yake ya siku ya Mungu, kuna lori ya Kamituga. Ninaenda kule kwenye zahabu."

"Na umoniteri?"

"Nitasimama mbele ya batoto niseme kimya, baniulize kama mutoto amelala?"

"Kosa haikuwa yako."

"Ilikuwa yangu. Papa Saa alisema bado moja, na Papa Saa hawezi kukosea dakika. Miye ndiyo nilihesabu mubaya."

 Ilimchoma Adèle kuliko maneno yote ya robine, kwamba kijana alikuwa amejihukumu kwa ushahidi wa saa iliyokufa. Lakini aliona neno lile si lake kulisema. Mwenye saa aliseme.

Donatien aliporudi kazini akamwekea chakula, akangoja ashibe.

"Siku ya Mungu watakuja wote hapa. Utabaambia saa imekufa. Raphaël atabaki, atafundisha."

Donatien aliendelea kukwangua sahani. "Yeye ni kijana. Jina itamutoka tu. Miye yangu ikianguka, nitaiokota wapi na hii miaka arobaini na tano?"

"Ni mutoto wangu."

"Ni ndugu yako. Na weye ni muke ya nani? Ya Papa Saa, ao ya mutu bure?"

 Adèle alichukua sahani.

Jumapili ua ulijaa. Raphaël naye alikuja kuchukua blanketi lake na kuaga, akasimama karibu na mlango kama mgeni.  Halafu Théodore akainua kibuyu kilichokuwa tupu, akakilaza kwenye mikono, akaanza kukibembeleza: "Lala, lala, mama yako ameenda sokoni." Watu wakaanguka kwa kicheko. Donatien alicheka mpaka akajifuta macho, na alijifuta kwa mkono wa kushoto.

Adèle akaweka kopo chini.

"Papa Saa," akaita kwa sauti ya heshima kabisa. "Saa ngapi?"

Mazoea ni kitu kibaya. Donatien alikunja shati, akatazama, akalipima jua kwa jicho moja. "Saa kumi kasoro kidogo."

Adèle akamshika mkono ule, akaunyosha mbele ya Constantin. "Papa Constantin, weye unasoma. Soma."

Karani akarekebisha miwani. "Saa tisa na dakika kumi."

"Sasa mungoje," Adèle akasema.

Donatien alivuta mkono, lakini alishikwa na vidole vilivyokamua ndizi miaka kumi na mitano.  Wote walingoja mpaka kopo la mtu mmoja likamponyoka, na hakuliokota. Kisha kengele ya misheni ikalia, ile ya ibada ya saa kumi.

"Soma tena."

"Saa tisa na dakika kumi," Constantin akasema, polepole.

"Imekufa tangu Pasaka," Adèle akasema. "Ndugu yangu aliuliza dakika. Huyu akamujibu pointi, sababu hakukuwa na dakika humu ndani. Wote mulisikia, sivyo? Basi na hii muisikie."

Akauachia mkono. Théodore akajipiga paja.

"Bado Moja!" akapiga kelele. "Papa Bado Moja! Saa ngapi, Papa Bado Moja?"

Jina likazunguka ua. Donatien alijaribu kucheka pamoja nao, midomo ikakataa. Adèle aliona jinsi jina linavyomwingia mumewe, na ni lazima niseme ukweli: hakumhurumia. Alisikia kama mtu aliyefunga siku nzima anavyosikia chakula kikishuka. Akageuka kwa Raphaël, amwone akiwa mwepesi.

Lakini Constantin, aliyefuta miwani yake kwa shati, akasema kwa ile sauti yake ya ofisini: "Hata hivyo, mambo yanaonekana wazi. Kapteni wa Koleji amekuja kutetewa na yaya yake."

"Amebebwa tena!" Théodore akadaka. "Mama Adèle, leta kitenge umufunge mugongoni! Mulezi ya mulezi!"

Sasa kicheko kilivunja watu kabisa. Walishikana mabega. Hata walioanza kumwonea Raphaël huruma walicheka, maana ilikuwa kweli: mgongo ule ulimbeba, na leo ulimbeba tena mbele ya wanaume arobaini. Adèle alisimama katikati ya ua wake mwenyewe, mikono imelegea.

Raphaël alichukua blanketi. Hakumtazama shemeji yake hata kidogo. Alimtazama dada yake.

"Ungeniacha, yaya," akasema. "Ungeniacha nibaki nimekosea miye."

Siku iliyofuata lori la Kamituga liliondoka naye, amekaa juu ya magunia ya unga, amegeuzia Bukavu mgongo. Septemba mapadri walimpa kazi ya moniteri kijana mwingine, na kijana huyo, kwa kuongeza uchungu, alikuwa wa Profesioneli.

Donatien aliendelea kuivaa saa. Kuivua kungekuwa kukiri mara ya pili. Kazini walimuuliza bado ngapi, na wengine walijibu kwa pamoja kabla yeye hajafungua mdomo. Hakuna aliyemwekea kiti tena. Nyumbani hakusema na Adèle. Kama alitaka chumvi, aliiomba kwa kuitazama. Wateja hawakupungua, la. Waliongezeka. Walikuja kuona nyumba ambamo saa ni tisa na dakika kumi siku zote.

Mwezi wa kumi na moja dereva wa lori alileta barua. Adèle aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, kwa ile elimu yake ya mwaka wa tatu. Raphaël aliandika kwamba mvua inanyesha sana, kwamba wanachimba ndani ya maji mpaka magotini, kwamba ana afya. Jina, aliandika, lilishuka kwenye lori kabla yake, maana dereva ni mtu wa Kadutu. Amelizoea. Na mwisho wa karatasi, kwa mwandiko ule mzuri uliotakiwa uwe kwenye ubao, alikuwa ametia sahihi: Mulezi Raphaël.

Adèle alilisoma jina lile mara mbili. Donatien, kwenye kiti chake, hakuweza kuvumilia. Ilikuwa miezi mitano hajamsemesha.

"Anasema nini?" akauliza.

Adèle akaikunja barua mara nne.

"Anauliza kwako ni saa ngapi."