Unga Mweupe Uliotoka Buffalo

Kuna Jumamosi moja ya baridi pale Beechmont, mtaa mmoja wa hapa Louisville, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni ya kama mwaka 2015 hivi, tulipokuwa bado wageni Amerika na mimi bado nina magoti mazima. Siku ile niliitwa muuaji. Mimi, ninayekimbia hata panya.

Nilikuwa natoka Buffalo na gari langu, na desturi yetu unaijua: wakisikia unasafiri, utabebeshwa mizigo. Dada Vumilia alinipa mfuko wa vitu alivyonunua kwenye maduka ya Grant Street, nimpelekee wifi yake, Mama Neema, hapa Louisville. Ndani mlikuwa na ndagala, vile visamaki vikavu, sombe ya barafu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, na boksi dogo la unga. Njiani nikalala Columbus kwa binamu yangu. Sombe ilikuwa imeyeyuka ikalilowesha boksi likachanika, na binamu, kwa wema wake, akaumimina unga kwenye mfuko wa nailoni, akaupiga fundo, boksi akalitupa. Sikuona ubaya. Sisi tunafunga fundo kila kitu, chumvi, karanga, hata dawa.

Nilipofika Louisville, Mama Neema alipoona unga mweupe pembeni ya sombe, alijua ni bikarbonati, ile tunayotia ili sombe ilainike upesi. Nani angewaza vingine? Akatia. Binti yake Neema, wa miaka mitatu, alitangulia kupewa kisahani chake. Sisi wakubwa hatujaomba hata baraka ya chakula, mtoto akaanza kutapika.

Hapo nyumba iligeuka. Mama Neema alinitazama akasema, "Wifi hakunipenda tangu siku ya harusi. Leo amenitumia karuho kwa mkono wako." Karuho ni sumu ya kimyakimya tuliyoiogopa kule Kivu, ukitajwa nayo, hakuna atakayepokea tena maji kutoka kwako. Nikampigia Vumilia, simu haipokelewi. Alikuwa kiwandani, ambako simu hufungiwa kabatini. Nililia, sikuficha.

Mzee Kashindi, baba yake Mama Neema, alikuwa ameketi pembeni. "Bon," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa, "iteni ambulansi kwanza. Kugombana kuna saa yake. Watatuuliza mtoto alikula nini, donc tutafute jina la unga. Jina la mwenye kosa litangoja."

Tukaita. Mzee akatia unga kidogo kwenye siki. Bikarbonati ingetoa povu. Ule ulitulia tu. Akachanganya mwingine na spiriti ya kusafishia vidonda kwenye kifuniko cha kopo, akautoa nje kwenye saruji, akawasha kiberiti. Moto ukatoka wa kijani, rangi ya jani changa la muhogo. Mzee akautambua. Ujanani, kule Kamituga, aliyeyusha dhahabu, na walitia unga wa boraksi ili uchafu ujitenge. Moto wake ulikuwa na rangi ileile.

"Huu ni wa ukoo wa boraksi," akasema. "Hapa watu wanaulia mende. Na wewe, mama, si ulimlilia wifi yako juu ya mende?"

Mama Neema akashika mdomo. Vumilia alipotoka kazini alituambia hivyohivyo: asidi ya boriki, dawa ya mende, na boksi lilikuwa limeandikwa. Lakini wakati huo hospitali walikuwa wameshaambiwa ni unga wa ukoo wa boraksi, wakajua la kufanya, na kesho yake mtoto alirudi nyumbani akiomba biskuti.

Hasira ni hasara, wamesema wahenga. Kabla ya ambulansi kufika, Mama Neema alikuwa amerusha sauti yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akitutaja mimi na Vumilia kwa karuho. Aliomba radhi, akalia, akafuta. Nani anafuta masikio ya watu? Tumbo la Neema lilipona kwa siku moja. Vumilia hakutuma tena mzigo Louisville, na mpaka leo kuna mama mmoja kanisani asiyepokea chai yangu.

Basi nisikilize, mwanangu. Boroni, ile asili iliyomo ndani ya unga ule, ni moja. Ndani ya boraksi inasafisha dhahabu na nguo, ndani ya kioo inafanya bakuli livumilie oveni, ndani ya asidi yake inaua mende. Ndani ya sombe inaumiza mtoto. Kosa halikuwa la unga; sisi ndio tuliouvua jina lake. Kazini kwangu, kule Jeffersontown, hatupokei pipa lisiloandikwa kilichomo, kwa nini nyumbani tupokee fundo? Andika jina juu ya kila unga, na usilolijua uliza, kuuliza si ujinga. Na binadamu vilevile: usimpachike jina ovu kabla hujamuuliza, maana ulimi hauna mfupa, na hospitali ya neno sijaiona, si hapa wala Buffalo.

Mungu akupe mkono wa kupeleka mema kwa watu, na akupe watu watakaoyapokea bila kuogopa.