Siku Tatu za Kwelea

Nikisikia debe linagongwa, hata kama ni fundi tu anatengeneza jiko, nanusa uwele unaokaribia kukomaa. Tena, jamani, nasikia hasira. Miaka yote hii!

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Ikungi, mwaka uliofuata ile njaa ya unga wa njano. Mama alinishonea gauni la gunia la unga ule. Alilifua kwa majivu wiki nzima ili maandishi yatoke, yakabaki machache mgongoni. Nililivaa kwenda kisimani na mama, nikiringa.

Zaina, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akamwamkia mama vizuri, "Shikamoo, mama Tatu," kisha akasema mbele ya wanawake wote, "Hilo si gunia la msaada? Sisi letu tunaanikia mlenda!"

Loo! Kisima kizima kilicheka. Mama naye akacheka, lakini tulipofika nyumbani aliingia ndani akalia kimyakimya. Kunicheka mimi ningesamehe. Mama yangu, hapana. Nikaapa Zaina atakiona cha mtema kuni.

Kila familia ilikuwa na kipande chake katika shamba moja kubwa la bega kwa bega, na watoto ndio tuliofukuza kwelea, wale ndege wala nafaka. Changu na cha kina Zaina vilipakana, basi tulikaa juu ya dungu moja la miti, kila mtu na debe lake la kugonga. Siku chache baadaye Zaina akashikwa na homa. Akamtuma mdogo wake kwangu, "Anasema umchungie na kipande chake." Nikajibu, "Mwambie asiwe na wasiwasi."

Nikawachungia kweli! Kwelea walipotua kwetu niligonga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Wakainuka wote kama vumbi, wakatua kwa kina Zaina, nami nikaweka debe chini nikaketi. "Kuleni," niliwaambia. "Kuleni mshibe." Siku tatu niliwatazama, na sitawadanganya, nilifurahi. Nilikuwa naimba.

Siku ya nne mama yake Zaina alikuta masuke matupu. Akaja kwetu mbio. "Wewe mtoto, ulikuwa wapi?" Kabla sijafungua mdomo, Zaina, aliyejikokota nyuma yake akiwa amejifunika kanga, akasema, "Mama, usimwonee Tatu. Angeshindwa angeniambia. Mimi na yeye hatufichani."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Chakula cha kwao kisingefika masika. Baba yake akaamua apunguze midomo ya kulisha, na Zaina, aliyekuwa akinishinda hesabu, akaacha shule apelekwe kwa shangazi yake Kilimatinde kulea watoto. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono kando ya lori. "Tatu, umekonda," akasema kwa sauti, watu wote wakisikia. "Kula vizuri."

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Zaina hakuwa na kejeli hata chembe. Alichokiona alikisema, na kwake kusema ndiko kulikokuwa kunipenda. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia siku ile, na lori likaondoka nikiwa nimefumba mdomo.