Nilifukua shanga za kioo kabla hazijapoa, mama akapoteza jicho

Wakuu, natumai mko salama. Haya yalitokea kwetu Boito na sijaongeza chumvi. Nimeandika nikafuta mara sita kabla ya kutuma.

Nilimaliza digrii, nikakaa nyumbani miaka miwili nikituma maombi ya kazi. Mwishowe nikajifunza kutengeneza shanga za kioo.

Unaponda chupa, unajaza vipande kwenye kalibu za udongo, unaweka kwenye tanuri la makaa mpaka viyeyuke. Kioo kikiwa bado laini unatoboa tundu kwa waya.

Halafu unazika shanga kwenye majivu ya moto, zipoe polepole mpaka kesho yake. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kioo kikipoa haraka, nje kinakaza na ndani bado kinavutana. Kwa macho huoni kitu.

Sasa mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango, narudi mara tatu kuhakikisha nimefunga.

Mama mmoja wa Roret aliagiza mkufu wa harusi ya bintiye. Oda yangu ya kwanza ya maana. Nilizika shanga asubuhi, na kila baada ya dakika chache nafukua kuangalia kama zimepasuka. Narudisha majivu. Nafukua tena.

Mama yangu alikuwa pale nje akipepeta maharagwe.

"Weri, unatafuta waru huko ndani?" Weri ni kijana, kwa Kikipsigis; waru ni viazi.

"Ndivyo inafanywa, Mama."

"Haya. Mwenye digrii ni wewe."

Sivyo inavyofanywa. Nilijua.

Jioni, bila kungoja kesho yake, nikazitoa. Zimepoa, hakuna hata moja iliyopasuka. Mama akachukua tupa anisaidie kulainisha kingo za matundu. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeivaa mimi.

Shanga ya tatu ililipuka mkononi mwake.

Hospitalini walitoa vipande viwili. Jicho la kulia halikuona tena.

Kila aliyekuja kumjulia hali, mama alimwambia, "Ni mimi nilikandamiza tupa vibaya." Nami niko pale pale namimina chai. Wiki hiyo nilibomoa tanuri. Mkufu wa Roret sikumaliza.

Mwezi uliopita tulipeleka majani ya chai kituo cha kuuzia. Karani ni mgeni, hamjui mama. Akachota konzi moja kutoka gunia la mama, akaitupa chini. Majani magumu yalikuwa yamechanganyika na laini.

"Mama, siku hizi unachuma na miguu?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, akapiga magoti, akaanza kuchambua upya, kila jani akilileta karibu na jicho la kushoto.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia yote. Kwamba kule kufukua ndiko kuliharibu shanga, na kwamba nilijua.

Hakusimama. "Nilijua tangu siku ile. Uso wako hauwezi kuficha kitu."

"Sasa mbona unaambia watu ni wewe?"

"Nilisema nikibeba hilo kosa mimi, wewe utaendelea na kazi. Na bado uliacha."



Wakuu, kwa wanaofanya kazi hii: ukishazika shanga, ondoka hapo kabisa, nenda hata kwa jirani. Na kabla hujavaa miwani, hakikisha aliye karibu nawe ana yake. Kosa likiwa lako, liseme siku hiyo hiyo. Mimi nilimwacha mama aliseme kwa miezi.

Udongo wa tanuri jipya nimeuleta. Uko chini ya turubai tangu Jumatatu, sijaugusa. Mama anaupita kila asubuhi akienda kuchuma, haulizi.

Kama kuna mtu hapa aliwahi kumuumiza mzazi wake kwa kazi ya mikono yake, kisha akairudia kazi ile ile, aniambie siku ya kwanza alianzaje. Nitasoma kila jibu, hata la kunitukana.