Aliniomba Nimsemee

Mdogo wangu aliponiletea ile kadi nisaini, nilikuwa kibarazani natoa vichwa vya dagaa na mikono yangu ilinuka. Nilimwambia asubiri ninawe. Akasema hana haraka, akavuta kigoda, akaanza kunisaidia. Ndivyo alivyo. Jambo zito hulileta taratibu, kama mtu aliyekuja kuazima kibiriti.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukunja, ya kuweka kwenye pochi. Ilisema kwamba yeye, akiwa na akili timamu, hataki kuongezewa damu hata kama maisha yake yatakuwa hatarini. Chini palikuwa na sahihi yake, na nafasi ya mtu atakayemsemea siku asipoweza kusema mwenyewe.

"Si umpe mumeo?" nilimuuliza.

"Mume wangu atalia, dada. Na akishalia atakubali chochote. Wewe ukisema hapana, hata daktari anarudi nyuma."

Nilicheka, na nakiri kichwa kilivimba kidogo. Nikasaini. Hapa mjini nimesaini mengi bila kuyasoma mara mbili: barua za serikali ya mtaa, fomu za shule za watoto wa watu, udhamini wa majirani. Niliona na hii ni moja ya hizo. Alikuwa na miaka thelathini na mzima wa afya, na dagaa walikuwa wananisubiri.

Mie ni kifungua mimba. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la tatu, na tangu hapo ni mie niliyemchagulia viatu, shule, hata mshono wa gauni la kipaimara. Alipoacha kanisa letu na kujiunga na wale wanaotembea wawili wawili, mlango kwa mlango, na majarida mkononi, niligomba wiki nzima. Nilimkumbusha babu zetu kule Mtwara na rozari zao. Nilimkumbusha mama. Alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe, kisha akasema, "Dada, hili nimelichagua mimi." Niliona mtoto anajifanya mkubwa. Na nadhani niliendelea kumwona mtoto mpaka siku ile ya hospitali.

Alijifungua mtoto wake wa tatu asubuhi ya Jumanne, katika hospitali moja ya upande wa Temeke. Mtoto alitoka salama, lakini damu haikukatika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi pamoja na mumewe, pochi ya mdogo wangu ikiwa mapajani mwangu, kwa sababu alinikabidhi wakati anaingia. Daktari akatoka, kijana tu, na aproni yake sitaki kuielezea. Akasema mgonjwa hana fahamu, wanampeleka chumba cha upasuaji, amepoteza damu nyingi na watamwongezea, na sisi ndugu tutafute watu wa kuchangia. Alimpa shemeji fomu ya kusaini. Kisha akauliza, kwa haraka ya mtu ambaye mguu mmoja umeshaondoka:

"Kuna jambo lolote kuhusu mgonjwa tunalopaswa kulijua?"

Shemeji alijua. Aliniangalia, halafu akaangalia viatu vyake.

"Hakuna," nilisema.

Sikutetemeka hata kidogo. Nilifunga zipu ya pochi vizuri, nikatoa simu, nikaanza kuwapigia ndugu.

Kwetu mtu akihitaji damu, ukoo mzima huacha kazi. Kufika saa sita mchana walikuwa kumi na mmoja wamepanga foleni kwenye dirisha la maabara, mikono ya mashati imekunjwa, wanataniana nani atazimia akiona sindano. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binamu yetu, mtoto wa mjomba, mchonga vinyago, na mafundi wake wawili wakiwa bado na vumbi la mpingo kwenye nywele. Nilisimama pembeni nikiwatazama, na nilijisikia fahari. Hilo nalo nakiri.

Mdogo wangu hakufa. Siku ya tatu alipata nguvu ya kuongea, na maneno yake ya kwanza yenye maana aliniambia mie.

"Uliwaonyesha kadi?"

"Niliwaonyesha."

"Wakaniwekea nini?"

"Maji tu. Dripu na dawa."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakateremka mpaka masikioni. Nikayafuta kwa upindo wa kanga nikidhani mambo yameishia hapo.

Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni kwamba ataniamini. Wenzake wa imani walipokuja kumtazama aliwaeleza. Alipopona alisimama katika mkutano wao, akaeleza jinsi alivyovuka bila damu ya mtu, watu wakalia. Kisha akaja kwangu kunihadithia, uso wake unang'aa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mama yupo hai.

"Nimewaambia habari zako, dada. Nimewaambia dada yangu si wa imani yetu, lakini siku ile alisimama na mimi."

Nikamwambia anywe uji, unapoa.

Usingizi ulinipungua. Nilizunguka kwa ndugu mmoja mmoja nikawafunga midomo, na kwa kuwa wananiogopa, walifungika. Binamu nilimsahau. Alikuwa amesafiri kusini kutafuta magogo ya mpingo, na alirudi juma lile lile nililowaalika wote kwangu Tabata kula mchana na kumwona mtoto.

Binamu kwetu ni mtani. Mtani anaweza kukuambia lolote, mbele ya yeyote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Huyu wetu ana kipaji cha kazi hiyo. Alifika amechelewa, akamkuta mdogo wangu anamega wali kidogo kidogo, akaanza hata kabla hajanawa.

"We mama, kula bwana. Mwili huo siku hizi si wako peke yako. Umetiwa mie humo, na mafundi wangu wawili, na wote tunapenda nyama. Halafu ukisikia kiu ya bia saa kumi jioni usihangaike kuomba dua. Ni mie humo ndani naita."

Kwanza hata si kweli. Damu yake ilikwenda kwenye akiba ya hospitali, na mdogo wangu alipewa ya watu tusiowajua. Lakini nani angesimama kumsahihisha? Watu walicheka, maana mtani akisema watu hucheka. Mdogo wangu naye alicheka, kwa mazoea, tonge likiwa mkononi. Kisha kicheko kikamwisha. Hakumwangalia binamu, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Aliniangalia mie.

Alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Dada, ni kweli?"

"Ndiyo."

Nikaanza kujitetea kabla hajaniuliza zaidi. Nilimwambia angekufa. Nilimwambia watoto watatu wangebaki na baba asiyejua hata kuwasongea ugali. Nilimwambia mie nililelewa na msiba na nikamlea yeye ndani ya msiba, na sikuwa tayari kuanza upya. Nilisema sana, na sauti ilipanda, mpaka huko sebuleni wakanyamaza.

"Hayo yote nilikuwa nayajua nilipoandika ile kadi," alisema. "Sikukuomba uniokoe, dada. Nilikuomba unisemee."

Alirudi sebuleni, akamalizia chakula chake kwa heshima, akaaga kila mtu. Juma lililofuata alisimama tena mbele ya wenzake, akaeleza kwamba ule ushuhuda haukuwa wa kweli. Hakuna aliyemlazimisha. Shemeji aliniambia walimshika mkono, wakamwambia halikuwa kosa lake, na kwamba alirudi nyumbani akalala na viatu.

Watu hunihukumu kwa namna mbili, na zote nimezisikia. Wapo wanaonisifu, na sifa zao hunichoma zaidi. Nimejiuliza mara nyingi, kama nikirudishwa kwenye lile benchi, ningejibu nini. Zamani nilikuwa nasema sijui. Ni uongo, najua. Ningesema hakuna. Ningesema tena na tena, na kila mara ningekuwa nimemwibia jambo ambalo ni lake.

Hakunikatia undugu. Bado ananiita dada, bado ananiamkia shikamoo, watoto bado wananikimbilia. Ila zamani hakununua pazia bila kunipigia simu, na sasa haniulizi kitu. Walipohamia Mbweni niliambiwa wakati vyombo vimeshapangwa. Mkubwa wao alipobadilishiwa shule, niliona sare mpya.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea, nikamwona anatembea kwa kujishika tumbo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe wiki mbili nyuma. Wanawake wawili wa imani yake walikaa naye hospitali, na kila kitu kilikwenda kama alivyotaka. Nililia palepale kwenye kochi lake, mwanamke mzima, huku mtoto yule wa tatu ananitazama.

"Ungekufa huko bila mie kujua," nilimwambia. "Kwa nini hukuniita?"

Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Niliogopa ungekuja, dada," alisema, akanimiminia chai.