Sakafu ya Stesheni

Juzi nilikuwa stesheni ya reli Tunduma, nimeinua shingo kama twiga, nikipiga picha kwa simu ukumbi ule mkubwa wa zamani. Nimepiga picha stesheni za nchi nyingi, kwa hiyo najiona fundi. Akina mama wachache walikuwa wamekaa sakafuni, kando ya mabenchi matupu.

“Mama zangu, si mkae kwenye mabenchi? Mnaniharibia picha.”

Mkubwa wao akajifunga kanga vizuri. “Samahani, baba. Tunasubiri treni ya Zambia, inamleta marehemu mwanangu. Ngoja tukupishe.”

Wakasogea ukutani, wakakaa chini tena. Mimi, niliyekaa chini kwenye misiba mingi, nikasema “poleni” huku simu bado iko juu.

Picha imetoka safi. Sakafu inang’aa, haina mtu. Mhariri wa safu yangu hii aliiomba, nikamwambia simu imeharibika. Akisoma hapa atajua ni nini kilichoharibika.